Mkate Kwanza, Ndipo Kazi

Somo: Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19



Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wazee wetu wengi hulinong'ona tu, wala hawalitaji mbele za watu. Nalo ni habari ya vijana wetu waliozimia moyo. Hatuneni habari ya kijana aliyehuzunika siku mbili tatu kwa kufiwa au kwa kugombezwa. Huzuni ya namna hiyo ni ya wanadamu wote, nayo hupita. Twanena habari ya huzuni ile ikaayo. Humjia kijana wa miaka kumi na minne, au kumi na saba, asile. Usiku halali, na mchana kutwa amelala. Aliyependa kuimba haimbi tena. Aliyependa mpira hatoki nje. Akiulizwa, hukasirika au hunyamaza. Huwaza ya kuwa yeye si kitu, na ya kuwa watu wangepumzika kama asingekuwapo. Matabibu wa siku hizi huiita sonona.

Wala msidhani ya kuwa ni jambo la mmoja mmoja tu. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hata 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine, na sonona imo katika magonjwa yawalemeayo zaidi. Basi mwalimu mwenye vijana 28 katika darasa lake la Kipaimara na awatazame nyuso zao. Yamkini wanne kati yao wamebeba mzigo asioujua.

Walimu kadhaa wametuuliza hivi: Je, si vema kuwapa vijana hao kazi ya kujitolea? Maana wamesikia ya kuwa kijana akiwatumikia wengine, huzuni humwondokea. Jibu letu ni hili: ndiyo, ni kweli, nasi tumeliona kwa macho yetu. Lakini kweli hiyo ina utaratibu wake, na mtu akiugeuza utaratibu huo, dawa huwa sumu. Twajua hayo kwa sababu sisi wenyewe tuliugeuza, na nusura tumpoteze mtoto wa watu.

Tutawaeleza jinsi ilivyokuwa. Jina la kijana hatulitaji, wala kijiji chake. Yeye mwenyewe ameturuhusu kunena yaliyobaki, ili mwingine apate kusaidiwa.

Alikuwa kijana wa kwaya, mpole, mpiga ngoma hodari. Babaye alimsomesha sekondari kwa fedha za korosho, na mwaka mmoja bei ilipokuwa mbaya aliuza mbuzi ili ada ipatikane. Mwezi wa Januari matokeo ya kidato cha nne yakatangazwa, na kijana alikuwa ameshindwa. Babaye hakumpiga. Alisema neno moja tu mbele ya wadogo zake, ya kuwa fedha yake imeliwa na mchwa. Kisha hakusema naye tena. Hata siku za Kwaresima kijana alikuwa haji kwaya. Hata Pasaka alikuwa haji ibadani. Alikuwa akiketi chini ya mkorosho nyuma ya nyumba toka asubuhi hata jioni, simu yake mkononi, wala haitazami.

Mamaye akatujia. Nasi tukaenda, tukakosa. Tulimwona kijana mwenye mikono miwili na miguu miwili, ameketi tu, wakati mamaye analima peke yake. Tukamhubiri habari ya uvivu. Tukamwambia ya kuwa atapona akifanya kazi ya Mungu, naye aje kila asubuhi kufagia uwanja wa kanisa. Sisi tuliita kujitolea, lakini ukweli ni kwamba tulimpa adhabu, na watu wote waliopita njiani waliijua kuwa ni adhabu. Akaja siku ya kwanza. Akaja siku ya pili. Siku ya tatu hakuja, na usiku ule mamaye alimkuta amejitayarisha kujidhuru. Mungu alimfikisha mama kwa wakati. Hatusemi zaidi ya hapo.

Usiku ule, tulipokuwa tumeketi nje ya chumba cha hospitali pamoja na wazazi wake, babaye akilia bila kujificha, ndipo tulipofungua kitabu na kuisoma habari ya nabii Eliya. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi, lakini tuliona sasa ya kuwa hatukuwa tumeisoma.

Mwaikumbuka habari hiyo. Eliya alikuwa ameshinda vita kubwa mlimani Karmeli, kisha Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia. Akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtoe uhai, kwa kuwa yeye si bora kuliko baba zake. Tazameni: ni mtu wa Mungu, wala si mtu mwovu, amechoka, yu peke yake, ameketi chini ya mti, ataka kufa. Kama angalikuwa Newala, mti ule ungalikuwa mkorosho.

Sasa mwangalieni Mungu alivyomtendea. Neno la kwanza si karipio. Hakumwambia habari ya imani haba, wala habari ya uvivu. Alimpeleka malaika, na malaika yule hakuwa na hotuba. Alikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Wala malaika hakukasirika kwa kuwa amelala tena. Alirudi mara ya pili, akamgusa, akampa chakula tena, akasema ya kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake.

Ninyi watu wa juu ya uwanda wa Makonde mwafahamu jambo hili kupita wengine. Mababu zenu walikaa huku juu, na maji yalikuwa chini mabondeni. Mama zao walishuka alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Hata leo, ingawa maji husukumwa kupandishwa uwandani kutoka visima vya Mitema kule Kitangari, siku za kiangazi bomba linapokauka kila nyumba yajua gharama ya dumu moja. Basi gudulia la maji jangwani si jambo dogo. Kuna mtu aliyelibeba hata pale. Kumpa mtu maji ni kumwambia: tumeona ya kuwa wewe ungali hai, nasi twataka uishi.

Hilo ndilo neno la kwanza: mkate kwanza. Kijana aliyezimia moyo ni mgonjwa, tena amechoka. Apewe chakula, aachwe alale, aguswe kwa upole. Asiulizwe maswali mia. Baba aliyekuwa ameacha kusema naye na aseme naye, hata kama ni kumwamkia tu.

Neno la pili ni kusikilizwa. Eliya alipofika Horebu, Mungu alimwuliza afanya nini pale. Mungu alijua, lakini alimwuliza ili Eliya apate kusema. Naye akasema yote: bidii yake, ubaya wa watu, na jinsi alivyosalia peke yake. Ukaja upepo, likaja tetemeko, ukaja moto, kisha ikaja sauti ya utulivu. Na Mungu akamwuliza tena lile lile. Hapa pana jambo ambalo tulikuwa hatujaliona. Eliya alijibu maneno yale yale ya kwanza, bila kupunguza neno. Ameisikia sauti ya Mungu, na huzuni yake ingali palepale! Mwalimu mwingine angalisema: Huyu hasikii, nimeomba naye mara moja na hajapona. Mungu hakusema hivyo. Alimsikiliza mara ya pili kama mara ya kwanza.

Kusikiliza ni kazi, ndugu zetu, wala haitaki elimu kubwa. Kule Harare, katika nchi ya Zimbabwe, tabibu mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona ya kuwa matabibu wa namna yake ni wachache mno na wenye huzuni ni wengi mno. Basi tangu mwaka 2006 wanawake wazee wa mitaani walifundishwa kuketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, wakimsikiliza mtu, na kumsaidia kuchagua shida moja kati ya shida zake na hatua moja ya kuikabili. Watu wa huko huuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi; nasi pia husema ya kuwa fulani ana mawazo mengi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza ya kuwa wagonjwa walioketi na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kupita wale waliopata matunzo ya kawaida tu. Je, katika sharika zetu hatuna bibi? Hatuna mabenchi?

Ndipo lakuja neno la tatu, nalo ni kazi. Baada ya mkate na maji, baada ya usingizi, baada ya kusikilizwa mara mbili, Mungu alimwambia Eliya arudi kwa njia yake, akawatie mafuta Hazaeli, na Yehu, na Elisha. Hakumpa kazi ili kumwadhibu, wala ili kumsahaulisha. Alimpa kazi kwa sababu kazi ile ilihitajiwa, na kwa sababu Eliya aliyejiona si kitu alikuwa bado mtu wa kutumainiwa. Huu ndio uponyaji ulio katika kujitolea. Sonona humwambia kijana ya kuwa hakuna amhitajiye. Maneno matupu ya kukana hayatoshi. Kijana huyasikia, asiyaamini. Lakini mtu mmoja akimngoja kwa jambo la kweli, na kijana akalifanya, basi yule mwongo aliye moyoni mwake amepata shahidi wa kumpinga.

Hata wataalamu wameyapima mambo haya. Mwaka 2013 kule Vancouver katika nchi ya Kanada walitangaza habari za wanafunzi 106 wa sekondari. Wengine walipelekwa kila juma kuwasaidia watoto wadogo wa shule ya msingi, kwa muda wa majuma kumi, wengine wakangojeshwa. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa wa sonona, walikuwa wanafunzi tu; lakini waliowatumikia watoto walionekana hata damu yao kuwa na afya zaidi, na walionufaika kupita wenzao ni wale ambao huruma yao ilizidi na huzuni yao ikapungua. Mungu ameumba mwili wa mwanadamu hivi, hata kumtendea jirani mema ni kheri kwa moyo wake mwenyewe wa nyama.

Na neno la nne ni mwenzi. Eliya alisema mara mbili ya kuwa amesalia yeye peke yake. Mungu akamjibu kwa njia mbili: wapo watu elfu saba ambao yeye hawajui, tena yupo Elisha, atakayekwenda pamoja naye. Aliyemwacha mtumishi wake nyuma akaingia jangwani peke yake, sasa apewa mtu wa kutembea naye njiani.

Baba yetu Dakta Martin Luther alilijua jambo hili katika nafsi yake, kwa maana yeye mwenyewe alipigwa sana na giza la moyo. Mwaka 1534 alimwandikia Joachim, mkuu kijana wa Anhalt, ambaye moyo wake ulikuwa umeelemewa, akamshauri asikae peke yake, bali apande farasi, awinde, akae na watu wema na kufurahi nao. Hakumwona kuwa mkosaji kwa ajili ya huzuni yake. Na siku zetu, huko Kenya, wanafunzi wa sekondari wenye dalili za sonona wamewekwa katika vikundi vidogo, saa moja kila juma kwa majuma manne, na waliowaongoza ni vijana wenzao waliomaliza shule si zamani. Habari za wanafunzi 413 zilitangazwa mwaka 2021, nao walipata nafuu kupita wenzao waliofundishwa tu njia za kusoma vizuri. Kijana humsikia kijana. Elisha hana haja ya kuwa mzee.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Matabibu walikaa naye, wakampa dawa na siku za kurudi, naye alirudi. Alipotoka hospitali, mjane mmoja mzee wa usharika wetu alimwomba mama ya yule kijana amlete nyumbani kwake mchana. Sisi tulitaka kwenda kumpangia kazi, bibi yule akatuambia, "Mchungaji, niachie mimi kwanza." Tukamwachia.

Siku ya kwanza alimpikia uji, akamtandikia mkeka barazani, kijana akalala. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kijana alisema naye kidogo, na bibi alisikiliza huku akibangua korosho, wala hakumkatiza. Siku ya nne alimwambia, "Mjukuu wangu, dumu langu limekauka. Ukiweza, niendee bombani. Usipoweza, si kitu, nitamwomba mwingine." Kijana akakaa kitambo, kisha akainuka, akalichukua dumu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na foleni ilikuwa ndefu. Alirudi baada ya saa mbili. Bibi alikuwa ameketi njiani juu ya kigoda, akimngoja.

Juma lililofuata mvulana mmoja mdogo wa kwaya alikuja na baiskeli ili wabebe madumu pamoja. Wakaona ya kuwa jirani, mzee asiyeona, naye hana maji. Mwisho wa kiangazi walikuwa vijana watano, wakiwatekea wazee tisa. Hakuna aliyetangaza kanisani. Mwezi wa Oktoba kijana alirudi kupiga ngoma.

Tulimwuliza siku moja kilichomsaidia. Tulitazamia aseme ni kazi. Akasema, "Mchungaji, uwanja wa kanisa hakuna aliyeuhitaji ufagiliwe, ninyi mlitaka tu nifagie. Lakini bibi alikuwa na kiu, naye alinisubiri njiani." Jibu hilo tumelichukua kwa unyenyekevu, nasi twawapa ninyi. Hata leo zipo siku ambazo huzuni humrudia, na siku hizo huja kuketi barazani kwa bibi. Hatusemi ya kuwa yamekwisha. Twasema ya kuwa yu hai, na hayuko peke yake.

Basi, walimu wapenzi, twaomba mshike mambo haya katika mitaa yenu.

Kwanza, msimfundishe kijana ya kuwa kwa kujitolea atamlipa Mungu au atajipatia thamani. Sisi tu wana wa Matengenezo. Twajua ya kuwa mtu hupendwa na Mungu bure, kwa ajili ya Kristo, kabla hajabeba hata dumu moja. Mungu hana haja na matendo yetu. Jirani ndiye mwenye haja nayo. Kijana mwenye sonona ajiona tayari kuwa mdeni wa watu wote. Ukimwongezea deni la Mungu, umemvunja. Mwambie kwanza ya kuwa amekwisha kupendwa, ndipo umwonyeshe jirani mwenye kiu.

Pili, chagueni kazi ndogo, yenye mtu wa kweli mwisho wake, na yenye mwenzi wa kuifanya pamoja. Kumtekea mzee maji. Kumsomea Injili asiyeona. Kuwasaidia watoto wa shule ya Jumapili kujifunza kusoma. Kumwokotea mjane korosho zake wakati wa msimu, ili zisiharibiwe na mvua. Wala kijana asitumiwe kama mtumwa wa usharika. Akisema leo hawezi, aaminiwe.

Tatu, wafikirini binti zetu. Binti wa miaka kumi na mitano ameamka alfajiri kuteka maji, amepika, amelea wadogo zake, ndipo akaenda shule. Akizimia moyo, msimwambie ya kuwa dawa yake ni kuwatumikia wengine; amekuwa akiwatumikia tangu azaliwe, wala hakuna aliyemshukuru. Mkate wake wa kwanza ni kupunguziwa mzigo: kaka yake na ashike ndoo. Kisha apewe utumishi wenye heshima, ule aupendao mwenyewe, kama kuongoza nyimbo au kufundisha watoto.

Nne, kumbukeni hekima ya nchi hii. Wazee walijua ya kuwa mtoto hawi mtu mzima kwa kungojea tu. Jando na unyago vilimpa mahali pa kusimama, na aliporudi alipokewa kwa furaha na kupewa wajibu wake. Ndugu zetu wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliotutangulia hapa Masasi waliliona hilo. Na Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, alitaka jando liingizwe katika nuru ya Kikristo kuliko kufutwa. Lakini siku hizi kijana ametoka jandoni angali mdogo, kisha ametoka shuleni, wala hakuna ampokeaye. Si mtoto, wala si mtu mzima. Kipaimara chetu nacho huweza kuwa hivyo hivyo: siku ya nguo nyeupe na picha, na kesho yake hakuna amwitaye kwa jina. Kila kijana atokaye Kipaimara na apokewe na mzee mmoja wa usharika, aijue nyumba yake na kumngoja.

Na kama mwadhani ya kuwa aliyevunjika hawezi kuwa mtumishi, mkumbukeni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Kiungani kule Unguja. Kisha alirudi bara, akatumika Chitangali, pale pale Kitangari ambapo leo maji ya Newala yatoka. Na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa daraja ya ukasisi katika misheni ile. Yeye aliyenyang'anywa nyumba ya kwao aliwafungulia wengine mlango wa nyumba ya Mungu.

Tano, na neno hili lishikeni sana. Kujitolea si badala ya matabibu. Huzuni ikikaa majuma mawili bila kupungua, mpelekeni kijana hospitali: iwe Mkomaindo, iwe Ndanda, iwe hospitali ya wilaya ya Newala, au zahanati iliyo karibu, mkaanzie huko. Msiogope maneno ya watu wasemao ya kuwa atapelekwa Mirembe. Wengi hutibiwa huku huku nyumbani. Na kijana akinena habari ya kufa, au akigawa vitu vyake, au akiaga watu bila safari, msimwache peke yake hata saa moja. Mwulizeni waziwazi kama awaza kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Fungieni dawa za mikorosho na vitu vyote vya hatari, mkampeleke siku ile ile. Wala asiwepo mwalimu wa kumwambia mzazi ya kuwa hayo ni mapepo au dhambi tu, na ya kuwa maombi yatosha. Malaika wa Mungu hakuona haya kuleta mkate. Nasi tusione haya kuipokea dawa.

Ndugu wapenzi, hatujui ni nani aketiye leo chini ya mkorosho katika kijiji chenu. Ninyi mwamjua. Mwendeeni kabla ya Jumapili. Msiende na hotuba, wala na ufagio. Nendeni na uji, mkaketi naye. Siku nyingine mtamwomba awaletee maji. Na atakapokwenda, keteni njiani mkamngoje.

Bwana aliyemgusa Eliya jangwani awaguse watoto wetu, awape usingizi na chakula, awape sauti yake ya utulivu, na mwenzi wa safari. Nasi wazee wao atusamehe kwa mara zote tulizowapa mzigo walipohitaji mkate. Amina.